Obura na Kyule Pale Mbele

Siku Kyule alipofika mazoezini kwa mara ya kwanza, alimpiga Obura kabla hata hajavaa njumu zake.

Ilikuwa Jumanne alasiri, kwenye uwanja wa vumbi ulio nyuma ya maghorofa ya Tassia. Kocha Jacklyne Adongo alikuwa ameinama akipanga chupa tupu za kufanyia mazoezi ya kukimbia. Alisikia kishindo, kisha makelele. Alipogeuka, Sylvance Obura, mshambulizi wake mkubwa, alikuwa chini chali. Kyule alikuwa amemkalia kifuani, njumu moja mkononi, akimgonga nayo usoni kwa upande wa meno ya soli.

"Unanikumbuka? Unanikumbuka?"

Wachezaji wanne walimvuta Kyule. Obura akainuka, damu ikimtiririka kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Alikuwa mtu wa miraba minne, mbeba nyama katika bucha moja ya Umoja, na waliojaribu kumshika walitupwa kando kama nguo. Alimkamata Kyule shingoni akamsukuma mpaka kwenye mlingoti wa goli. Bomba lile la chuma lililia kwa kichwa cha Kyule, mara moja, mara ya pili. Adongo akajitia katikati. Kiwiko cha mmoja wao kikampasua mdomo. Hakuwahi kujua kilikuwa cha nani. Akatema damu, akapuliza kipenga karibu na masikio yao hadi wakaachana.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Bado," akasema Kyule.

Alikuwa na sababu yake. Msimu uliotangulia alichezea timu ya kwao Mukuru kwa Reuben, na siku walipokutana na Kombaini ya Tassia, mpira wa kona ulipopigwa, Obura alimtia kiwiko cha shavu. Refa alikuwa anatazama kwingine. Mfupa wa shavu ulivunjika vipande vitatu. Miezi miwili Kyule alikula uji kwa mrija, na kiwandani alikokuwa akifanya kibarua cha kuyeyusha plastiki, nafasi yake ilichukuliwa na mwingine. Upande wa kushoto wa uso wake ulibaki umebonyea, na alipocheka, jicho moja halikucheka.

Baadaye timu yao ya Reuben ilivunjika. Adongo ndiye aliyemwendea, akamkuta amekaa nje ya chumba chake, akamwomba aje Tassia. Hakumficha kwamba Obura yuko. Aliyefichwa ni Obura, kwamba Kyule anakuja.

Adongo alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alikuwa amezunguka Umoja yote kwa miguu, akijua kila lango na kila mbwa. Kabla goti lake halijaharibika alikuwa amecheza mpira wa wanawake miaka kumi, namba tisa. Mambo ya safu ya mbele aliyaona kama mpishi anavyoona chumvi imepungua, na aliyoyaona kwa Kombaini yalimkosesha usingizi.

Washambulizi wake wawili walikuwa Obura na Ndung'u. Ndung'u alikuwa mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye mguu laini, anayeweza kuupokea mpira kana kwamba ni yai. Tatizo ni kwamba wote wawili waliutaka mpira miguuni. Obura alirudi nyuma kuufuata, Ndung'u naye akarudi nyuma kuufuata, na mabeki wa upande wa pili wakabaki wamesimama mikono kiunoni kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anakimbia nyuma yao. Mechi saba walikuwa wamefunga mabao manne. Timu mbili tu ndizo zingepanda daraja kutoka ligi ya kaunti. Wao walikuwa wa tatu, nyuma ya Simiti FC, na mechi sita zilikuwa zimebaki. Ya mwisho ilikuwa na hao hao Simiti, uwanjani kwao.

Mwenyekiti wa timu, Mzee Ng'ang'a, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa babake Ndung'u. Habari za ule ugomvi zilimfikia kabla vumbi halijatua.

"Kocha," alimwambia Adongo dukani, "unataka kuwaweka hao wawili pamoja wauane?"

"Nataka kuwaweka pamoja wafunge, Mwenyekiti."

"Na kijana wangu amekosa nini?"

Adongo hakutaka kumjibu vibaya mbele ya wateja. Ndung'u mwenyewe ndiye aliyejibu, akiwa amepiga magoti anapima misumari kwenye mizani.

"Baba, mimi na Obura tunafanya kazi moja. Mmoja wetu ni wa ziada. Kocha anajua, na mimi najua."

Mzee Ng'ang'a alimtazama mwanawe, kisha akaendelea kumhudumia mteja aliyetaka rangi.

Mechi ya kwanza ya Obura na Kyule ilikuwa aibu. Mara tatu Kyule alibaki peke yake na kipa, mkono juu, na mara tatu Obura alipiga mwenyewe, mpira ukaenda kugonga mabati ya vibanda. Kyule naye alipopata mpira, aliona afadhali aupoteze kuliko kumpa Obura. Wakati wa mapumziko walishikana tena makoo mbele ya kina mama wauza ndizi. Mechi iliisha bila bao.

Kesho yake Adongo alipitia buchani. Obura alitoka akiwa na koti jeupe lenye damu ya ng'ombe, wakasimama kando ya ukuta.

"Sylvance, nisikilize. Kila beki wa ligi hii anakuchukia. Umewavunja pua, umewapiga viwiko. Ukigusa mpira tu, wanakuja wawili, mara nyingine watatu. Umewahi kuona?"

"Nimeona, Kocha. Ndio maana nawapiga."

"Ukiwapiga, refa anasimamisha mpira, na faida yote inapotea. Sasa nataka uwaache wakupige. Wakija watatu kwako, huko nyuma yao hakuna mtu. Kyule ana mbio ambazo sijaona kwa mtu mwingine. Wewe shika mpira, wape mgongo, kula hicho kipigo, halafu umpe yeye."

Obura alijifuta mikono kwenye koti. "Nisirudishe?"

"Hata kofi."

"Na wakiniua, Kocha?"

"Hawatakuua," Adongo akasema upesi. Baadaye alikuja kukumbuka jinsi alivyosema upesi.

Obura aliinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kucheza chini ya Adongo akiwa na miaka kumi na tisa, siku ambazo hakuna kocha mwingine aliyemtaka kwa sababu ya ngumi zake. "Sawa," akasema. "Lakini si kwa ajili ya yule msee. Ni kwa ajili yako."

Kwa Kyule mazungumzo yalikuwa mafupi zaidi. Adongo alimweleza mpango wote: Obura atapokea, Obura atapigwa, yeye atakimbia.

"Atapigwa kila mechi?" Kyule akauliza.

"Kila mechi."

"Na harudishi?"

"Harudishi."

Kyule aligusa shavu lake lililobonyea. "Basi nitacheza. Hiyo nataka kuiona na macho yangu."

Adongo aliijua maana ya maneno hayo, na hakumkanya. Alihitaji mabao.

Na mabao yakaja. Mechi iliyofuata, mabeki wawili walimbana Obura katikati. Mmoja akamkanyaga kisigino, wa pili akampiga ngumi ya figo. Obura aliguna, akauzuia mpira kwa mwili wake kama mlango, kisha akaupitisha pembeni. Kyule alikuwa tayari ameondoka. Alifunga kwa mguu wa kushoto, na badala ya kwenda kushangilia, alirudi polepole akampita Obura aliyepiga magoti anatapika. Alisimama akamtazama vizuri, kisha akaenda katikati.

Katika mechi nne Kyule alifunga mabao saba. Katika mechi hizo hizo nne Obura alipoteza jino la mbele, akapasuliwa nyusi ikashonwa, ubavu mmoja ukapata ufa. Habari zilikuwa zimeenea katika mitaa kwamba lile jitu la Tassia siku hizi halirudishi. Watu waliokuwa wamemwogopa miaka mitano wakaona siku yao imefika. Walimtemea mate. Walimvuta sehemu za siri wakati wa kona. Beki mmoja alimng'ata sikio, na Obura akaunyoosha mkono wake wote kuelekea kwa refa, damu ikidondoka kwenye kola. Refa akasema hakuona.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Kyule alipiga kelele. "Refa! Wewe ni kipofu? Wanamla mtu!" Alipewa kadi ya manjano. Obura alimtazama kwa mshangao, na Kyule aligeuza uso kana kwamba amefumaniwa.

Jumapili ya mwisho walivuka barabara ya Outer Ring kwa miguu, wachezaji kumi na wanane na kocha wao, jezi zikiwa ndani ya magunia. Simiti walihitaji sare tu. Uwanja wao ulikuwa mwembamba, umezungukwa na ukuta wa mawe upande mmoja na mashabiki kwa upande mwingine, wamesimama hadi kwenye mstari wenyewe. Wengine walikuwa na vipande vya mbao. Polisi waliotakiwa kuwapo hawakufika. Refa aliitazama saa yake, akautazama umati, akaamua kuanza.

Dakika ya sita, kapteni wa Simiti alimrukia Obura kwa miguu miwili akamkuta kwenye paja. Nyama ilichanika, weupe wa ndani ukaonekana. Adongo alitaka kumtoa. Obura alifunga paja kwa kitambaa cha bendera ya kona, akamwonyesha kidole gumba. Dakika ya ishirini Simiti walifunga, na umati ukamwagika uwanjani ukarudishwa kwa shida.

Kyule alisawazisha kabla ya mapumziko. Mabeki watatu walikuwa juu ya Obura, mmoja amemshika shingo, na mpira ulitoka katikati ya miguu yao kama panya anayetoroka.

Wakati wa mapumziko Obura hakuweza kukaa. Alisimama ameegemea ukuta, akitetemeka. Ndung'u alikuja kwa Adongo.

"Kocha, niingize mimi. Huyu atakufa."

"Ukiingia wewe, hawatakuja watatu," Adongo akasema.

Ndung'u alimtazama jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama, kisha akaondoka. Adongo alibaki na maneno yake mwenyewe masikioni. Hakubadilisha mtu.

Dakika ya themanini na tatu kipa wa Tassia alipiga mpira mrefu. Obura aliruka na watu wawili mgongoni, kichwa cha mmoja kikamgonga nyuma ya kichwa, na wote watatu wakaanguka. Lakini mpira alikuwa ameshauteremsha kwa kifua. Kyule aliukuta mbele yake, akampita kipa, akausukuma ndani.

Mawili kwa moja.

Jiwe la kwanza lilimpata mlinda mstari. Kisha umati ukaingia wote, na safari hii hakuna aliyeurudisha. Refa alikimbilia lango la nyuma. Wachezaji wa Tassia walitawanyika kuelekea ukutani, lakini Kyule alikuwa mbali, kule golini, peke yake. Alikimbia, akapigwa ngwala. Wakamkanyaga. Adongo, akiwa amezibwa na watu, aliona mtu mwenye koti la kijani akiinua kipande cha bomba la maji kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Kyule.

Obura alifika akichechemea. Aliweka mkono wake katikati. Watu waliokuwa hatua ishirini walisikia mfupa ukikatika.

Halafu akamshika yule wa koti la kijani. Kwa mkono mmoja uliobaki alimwangusha, akamkalia, akaanza. Alirudisha kipigo cha mechi zote tano. Alirudisha jino, nyusi, ubavu na sikio. Wale waliokuwa wakimkanyaga Kyule waliacha wakarudi nyuma, kwa maana sauti ya ngumi zile haikuwa tena ya ugomvi. Ilikuwa kama mtu anayetwanga kitu kilicholowa. Yule mtu aliacha kujikinga. Mikono yake ilianguka kando. Obura aliendelea.

"Sylvance!" Adongo alipiga kelele. "Sylvance, basi!"

Hakusikia. Kyule alijikokota kutoka vumbini, uso umejaa damu, akamvuta bega. Akasukumwa. Akarudi. "Obura, umemmaliza! Obura, wacha!" Obura akainua ngumi tena. Ndipo Kyule alipokusanya nguvu zote alizobakiwa nazo akampiga chini ya sikio, ngumi moja kamili, na Obura akaanguka upande kama gunia la mchanga. Kyule akamlalia juu asiinuke. Alikuwa akilia. "Tulia, buda. Tulia. Tulia."

Walibaki hivyo hadi gari la polisi lilipofika.

Mtu wa koti la kijani aliitwa Seth, fundi wa mabati. Alilala hospitalini wiki tano. Alipona, lakini jicho la kulia halikurudi. Obura, mkono ukiwa umefungwa plasta, alienda mwenyewe kituoni akiwa na Adongo, akaandikisha alichofanya bila kupunguza. Kyule aliitwa kama shahidi. Alisema yote, la bomba na la ngumi, na alipoulizwa kama mshtakiwa angeacha mwenyewe kama asingezuiwa, alijibu, "Hapana. Hangeacha." Hakimu alizingatia kwamba Obura alikuwa ameanza kwa kumkinga mwenzake, akampa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Ligi ilimfungia asicheze kwa miaka miwili. Mechi haikurudiwa, kwa kuwa mashabiki wa Simiti ndio walioivunja, na matokeo yalibaki mawili kwa moja. Kombaini ya Tassia ilipanda daraja, na Mzee Ng'ang'a akachinja mbuzi wawili ambao Adongo hakwenda kuwala.

Ilimchukua Adongo wiki tatu baada ya mechi ile kuthubutu kwenda nyumbani kwa kina Obura, Umoja. Mlango ule alikuwa ameugonga miaka mingi kwa ajili ya mita. Mama Sylvance alimfungulia, akamkaribisha kiti, akamwekea chai. Ni mama aliyelea watoto wanne kwa pensheni ya reli ya marehemu mumewe, na hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Adongo," alisema, "nilikupa mtoto anayepiga watu. Nikasema, huyu ni mwanamke, ni wa kwetu, atamfundisha kuacha. Ukamfundisha kupigwa."

Adongo aliweka kikombe chini. "Ndiyo, Mama."

"Ulijua itatokea wapi hiyo hasira yote anayoimeza?"

"Sikutaka kujua, Mama. Nilikuwa nataka mabao."

Mama Sylvance akasukuma sahani ya mkate upande wake. "Kula. Umekonda." Akaongeza, "Yule wa Reuben huja kila Jumamosi. Hawaongei sana. Anamfulia nguo, maana mkono wenyewe unaujua. Yuko naye huko nyuma saa hizi."

Adongo alitoka uani. Kyule alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono ya shati imekunjwa, akisugua jinzi. Obura alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono wenye plasta ukining'inia kwa kitambaa shingoni.

"Kocha," Obura akasema. Hakukuwa na chuki katika sauti yake, na hilo lilimuumiza zaidi. "Msimu unaanza lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Mbele utaweka nani na huyu?"

"Ndung'u."

Obura alicheka akashika ubavu. "Ndung'u hawezi kuwabeba watatu mgongoni. Mtu akimkanyaga mara moja tu, anaomba msamaha."

"Sitamwambia awabebe. Nitampeleka Kyule pembeni, Ndung'u acheze nyuma yake, mpira uende haraka kabla hawajafika. Nimeanza kuchora."

"Mtashuka, Kocha. Hiyo daraja si ya kuchora."

"Tukishuka, tutashuka."

Kyule aliinua kichwa kutoka kwenye beseni, povu hadi kwenye viwiko. "Lakini Ndung'u anaweza kupiga ile pasi ya juu ya kichwa cha beki," akasema. "Nimemwona akifanya. Akinipa mapema, mimi nafika."

"Mapema namna gani?" Obura akauliza.

Kyule aliweka jinzi chini, akachukua vipande vitatu vya sabuni na kifuniko cha chupa, akavipanga kwenye saruji yenye maji. Obura aliteremka ngazi moja ili aone. Adongo akachuchumaa kwa goti lake bovu, akakisogeza kipande kimoja kushoto, na Obura akasema hapana, si hapo, rudisha nyuma kidogo.